Yai Lililodungwa Maji

7 Januari

Baridi imeshuka digrii thelathini chini ya sifuri. Magari yote uani yamechomekwa kwenye umeme ili injini zisigande, isipokuwa la Profesa Lysak, kwa sababu yeye ana nafasi ndani ya jengo. Kikao cha kwanza cha muhula. Alisimama mbele ya ubao na sweta ya klabu yake ya kusukuma mawe barafuni, akatangaza kwamba makala yetu itapelekwa kabla Aprili haijaisha.

"Kumi na Saba ni mchukuzi," alisema. "Mchukuzi mpya, hajaonwa na mtu duniani. Annelise atapima," akaninyooshea kidole, "Corwin ataandika, mimi nitawasumbua."

Watu walicheka. Huwa wanacheka.

Kumi na Saba ni protini. Ilikuwa ya kumi na saba kwenye orodha ya protini za figo ambazo hakuna aliyejua kazi yake, na jina likabaki. Mama aliniuliza Krismasi, tukiwa jikoni tunakunja pirogi za viazi, ni nini hasa ninachokifanya mwaka wa tatu huu. Nikamwambia seli imezungushiwa utando wa mafuta, na asidi amino, yaani vile vipande vinavyojenga protini, havipenyi mafuta. Lazima vibebwe. Mchukuzi amezama ndani ya utando. Hufungua kinywa upande wa nje, hupokea kipande kimoja, hufunga, halafu hufungua upande wa ndani. Hafungui pande zote mbili kwa pamoja hata siku moja.

"Kumbe ni bawabu," alisema Mama.

"Si bawabu. Bawabu anafungua mlango tu. Huyu anabeba."

Kumi na Saba akiwa mchukuzi, tasnifu yangu imekwisha na Mei ninaondoka katika mji huu. Asipokuwa, sina tasnifu.

10 Januari

Corwin Tait ameleta donati. Ijumaa nyingine, donati nyingine.

13 Januari

Nimejiahidi mwaka huu niandike kwa haki kuhusu watu. Basi, kwa haki: Tait ana uzamivu tayari, ametoka mkoa wa pwani huko mashariki, na alikuja kwetu vuli iliyopita. Anajua majina ya mbwa wa walinzi wote. Anajua nani ana mtoto mgonjwa. Mgeni akifika kuzungumza na Lysak, Tait ndiye anayempokea, anamvua koti, anamtafutia kiti, anacheka anapotakiwa kucheka. Chuo kidogo cha kwao kimemwahidi kazi ya kufundisha kuanzia Septemba, wakishaiona makala. Kila mtu anampenda.

Hawezi kudunga yai.

Mayai yetu ni ya vyura wa Afrika ambao Bev anawatunza kule chini ya ardhi, kwenye maji ya uvuguvugu, huku sisi juu tunaganda. Yai moja ni kubwa kama punje ya mtama, nusu jeusi, nusu jeupe. Unalidunga kwa sindano ya kioo, unaliwekea maagizo ya kutengeneza Kumi na Saba, unalisubiri siku mbili tatu, unalitia kwenye maji yenye arginini, mojawapo ya asidi amino, iliyotiwa mionzi kidogo, halafu unaliosha kwa maji ya chumvi baridi kama barafu, lisiendelee kumeza. Kisha unaliyeyusha, na mashine inahesabu mionzi iliyoingia. Ni kazi ya mkono mwepesi. Mkono wa Tait unatetemeka, na sindano yake inaacha kovu jeupe kwenye nusu nyeusi ya kila yai, kama mtu aliyechanjwa na mlevi.

Nimempa mayai ya maji. Hayo hayaharibiki, kwa kuwa yanadungwa maji matupu ili tuyalinganishe na yale mengine. Amefurahi kama amepandishwa cheo.

"Asante, dada Lise. Nitakuwa bingwa wa maji."

"Usiyapasue tu."

21 Januari

Mapimo mazuri. Mayai yenye Kumi na Saba yanameza arginini kwa pupa. Yale ya maji yanameza kidogo sana, kama kawaida, kwa kuwa chura naye ana wachukuzi wake wachache. Tunachukua namba kubwa, tunatoa ya maji, inayobaki ndiyo sifa ya Kumi na Saba. Kila maabara inafanya hivi. Lysak hata hazitazami namba za maji. "Umetoa ya maji?" anauliza, kama mama anavyomuuliza mtoto kama amenawa mikono.

22 Januari

Pua yangu ilivuja damu kwa ukavu wa hewa. Hakuna jingine.

30 Januari

Mayai ya chura wa leo yalikuwa mabovu. Kumi na Saba hakubeba kitu. Lysak aliangalia karatasi kwa muda wa kupumua mara moja.

"Chura mbaya. Tupa."

"Mayai yenyewe yanaonekana mazima, Prof."

"Annelise. Yangekuwa mazima yangefanya kazi."

Huyo ndiye mtu ambaye picha yake imetundikwa ukumbini. Nilitupa.

5 Februari

Tait alinieleza leo, bila kuulizwa, jinsi ya kuongea na Lysak. "Usimletee tatizo saa nne, hajanywa kahawa yake ya pili. Mletee saa tano, tena umletee kama wazo lake." Alisema hivyo bila aibu. Nilimtazama nikawaza kwamba kuna watu maisha yao yote wanasimama karibu na kazi, wanaipigia makofi, na kazi inaandikwa jina lao.

12 Februari

Nataka kumnyonga.

Leo ilikuwa siku ya kurudia jaribio la ladha la Januari. Unaweka arginini yenye mionzi pamoja na asidi amino nyingine ya kawaida kwa wingi. Ikiwa mchukuzi anaipenda hiyo nyingine, itamshughulisha, na arginini itaingia kidogo. Ikiwa haipendi, arginini itaingia kama kawaida. Kwa njia hiyo unajua mchukuzi anakubali nini na anakataa nini. Unafanya hivyo kwa mayai yenye Kumi na Saba. Kwa mayai ya maji hufanyi, kwa sababu namba zake ni ndogo mno, ni kupoteza arginini ya bei.

Nilitoka dakika chache kumpelekea Bev oda ya vyura. Kurudi, Tait amemimina asidi amino zote nane kwenye trei ya maji.

"Ile ya kushoto, si ulisema kushoto?"

"Nilisema yenye utepe mwekundu! Huoni hayo makovu? Hayo ni mayai yako mwenyewe!"

Aliinama akayatazama. "Aa. Ni yangu kweli." Halafu akanitazama kwa uso ule wa mbwa aliyekula kiatu. "Tufanyeje, Lise?"

"Wewe usifanye kitu. Ndicho unachokiweza."

Bev alikuwa mlangoni na ndoo yake. Alisikia. Alisema tu, "Haya, jamani," akaondoka.

Mashine ilikuwa imeshawekwa kwa jina langu mpaka kesho. Nimeyayeyusha nikayatia humo hivyo hivyo, nikaiwekea muda mrefu wa kuhesabu, kwa hasira tu, ili nimwonyeshe Lysak kesho ukurasa mzima wa upuuzi wenye jina la kipenzi chake.

13 Februari

Haukuwa upuuzi.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Nje theluji inapita mlalo dirishani, na sijaenda kula.

Namba ni ndogo, lakini mashine ilipewa muda, kwa hiyo ni namba safi. Yai la maji, ambalo halina Kumi na Saba hata chembe, linakubali lisini. Linakubali lusini. Linakataa glutamati, linakataa prolini. Niliitoa karatasi ya Kumi na Saba ya Januari nikaiweka kando yake. Ladha ni zile zile, kwa mpangilio ule ule. Tofauti ni ukubwa tu: mmoja anakula sahani, mwingine anakula kijiko, lakini ni chakula kile kile na mwiko ule ule.

Watu wawili wasiojuana hawawezi kuwa na mdomo mmoja.

Kwa hiyo aliyekuwa anabeba si Kumi na Saba. Ni mchukuzi wa chura mwenyewe. Yumo ndani ya yai muda wote, tena kwa wingi, lakini amekwama huko ndani. Ni wachache wanaofika utandoni peke yao, na hao ndio ile namba ndogo tunayoitoa. Kumi na Saba akiingia, anamshika mkono na kumfikisha utandoni. Kazi yake ni kumsindikiza tu. Ndiyo maana nikiongeza Kumi na Saba zaidi ya kiasi fulani, umezaji hauongezeki: wachukuzi wa chura wameisha. Na ndiyo maana yule chura wa tarehe thelathini "alikuwa mbaya." Mayai yake ya maji hayakumeza kitu pia. Hakuwa na wachukuzi, basi Kumi na Saba hakuwa na wa kumleta.

Miaka mitatu nimekuwa nikitoa ya maji. Jibu lilikuwa humo, na mimi, kwa mkono wangu huu mwepesi, nililitoa kila wiki.

Ninamdharau Lysak kwa hili. Ninaidharau kila maabara inayofanya hivi. Nikimaliza orodha najua jina gani limebaki, na sitaliandika.

17 Februari

Nilipanga kunyamaza mpaka nipate uthibitisho wa pili. Lakini Tait alikuja na kahawa kuomba radhi.

"Trei yangu iliyoharibika ilitoa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa ukali, kama mtu anayemrushia mwenzake mzigo. Alisikiliza mpaka mwisho bila mzaha, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Kwa hiyo Kumi na Saba hana mikono."

"Hana."

"Na makala haipo."

"Ipo nyingine. Baada ya mwaka mmoja, miwili, tukimpata huyo wa chura, na mwenzake kwenye figo ya binadamu."

Alizungusha kikombe. "Chuo hakitangoja miaka miwili, Lise."

"Najua."

"Ungeweza kulikuta jambo hili mwezi Mei."

Aliposema hivyo nilihisi raha, na ninaiandika raha hiyo kama ilivyokuwa. Nilikuwa sahihi kuhusu yeye. Nikamjibu, "Mimi siupangii ukweli tarehe." Akasema, "Hapana. Nilikuwa natania. Nusu." Akaondoka, akaacha kahawa yake.

3 Machi

Vyura watatu, mayai ya maji hayana kitu cha kupima. Kumi na Saba naye hana kitu. Mimi naona huo ni ushahidi. Lysak anaona chura mbaya, chura mbaya, chura mbaya.

11 Machi

Bado theluji. Bev anasema ni maji mapya ya bomba; vyura hawayapendi.

19 Machi

Nimetengeneza mapovu ya mafuta: utando mtupu uliojikunja kama tufe, bila chura, bila seli, ndani yake Kumi na Saba peke yake. Nimeyapa arginini. Hakuna kilichoingia. Niliyaweka na sodiamu, bila sodiamu, hata nikatia lusini ndani yake ili ibadilishane na arginini. Ni kama kubisha hodi kwenye ukuta.

24 Machi

Nilimpelekea Lysak matokeo saa tano, baada ya kahawa ya pili. Ndiyo, nilifuata ushauri wa Tait. Sikulileta kama wazo lake, kuna mipaka.

Alisoma. "Mapovu hayaonyeshi kitu. Umeiharibu protini ulipokuwa unaisafisha, imejikunja vibaya. Kitu kisichofanya kazi hakithibitishi lolote."

Kwa bahati mbaya hapo yuko sahihi, na anajua.

"Na trei ya Februari?" niliuliza.

"Trei iliyochanganywa."

"Haikuchanganywa. Ilimiminiwa isivyotakiwa. Mayai yalikuwa ya maji, niliyaona kwa macho yangu."

"Ulikuwa chumbani?"

"Nilirudi nikayakuta."

"Basi hukuwa chumbani." Alinirudishia karatasi kwa upole. "Sikia, mwanangu. Nina miaka thelathini katika kazi hii. Makala inaenda. Jina lako ni la kwanza. Watu wanaua kwa ajili ya hilo."

25 Machi

Siku mbili sijapita mbele ya ile picha ukumbini. Ninazunguka kwa ngazi za nyuma.

2 Aprili

Barafu ya mtoni imeanza kulia. Barabara zote ni mashimo na tope. Kikao ni keshokutwa. Lysak anataka kupitisha makala mbele ya watu wote. Nimemwambia nitazungumza. Amesema, "Bila shaka," kama ninaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Tait hajaniambia neno la maana tangu Februari. Anadunga maji yake, anasafisha trei, anaimba chinichini. Juzi nilimkuta anasoma barua ya chuo kwenye simu. Alinionyesha picha ya nyumba ya mbao karibu na wazazi wake. "Ina kibanda cha mashua," alisema. Sikujua niseme nini, nikasema rangi ni nzuri.

4 Aprili

Nitaiandika yote.

Watu kumi na wawili kwenye chumba kile chenye meza ndefu. Tait alikuwa ameleta donati, kwa kuwa ni Ijumaa. Niliweka picha mbili ukutani, ladha za Kumi na Saba na ladha za maji, moja juu ya nyingine. Kwa muda hakuna aliyetafuna.

Lysak alijiegemeza kwenye kiti. "Picha nzuri. Sasa swali moja tu. Ikiwa ile trei haikuwa ya maji, ikiwa humo mlikuwa na mayai ya Kumi na Saba yaliyochoka, tungetarajia kuona nini?"

Kila mtu aliliona jibu. Tungetarajia kuona hicho hicho: ladha zile zile, namba ndogo.

"Mayai yameyeyushwa, hatuwezi kuyatazama tena," aliendelea. "Annelise hakuwepo. Aliyekuwepo ni Corwin." Akamgeukia, sauti ikawa ya kibaba. "Corwin, wewe mwenyewe ulikiri siku ile kwamba ulichanganya. Hakuna anayekulaumu. Unaweza kusema kwa hakika trei ile ilikuwa ya nini?"

Nikaona jinsi alivyompangia. Hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji kusema "sina hakika," maneno ambayo Tait huyasema mara ishirini kwa siku, na angepata makala, kazi, nyumba na kibanda cha mashua. Nilimtazama vidole vyake vyenye sukari ya donati nikawaza: haya, sema yaishe. Nilikuwa nimeshakunja karatasi zangu.

"Nina hakika, Prof," alisema Tait.

"Una hakika vipi?"

"Yalikuwa yangu. Yale ya maji nayadunga mimi. Ndiyo kazi pekee ambayo Annelise ananiachia." Watu wawili watatu walicheka, naye akawangoja wamalize. "Ananiachia kwa sababu nadunga vibaya. Kila yai ninalolidunga lina kovu jeupe. Muulizeni Bev, aliwahi kuniuliza kama vyura wameambukizwa ndui. Siku ile Annelise alinifokea, nikainama kuyatazama, na kila yai kwenye ile trei lilikuwa na kovu. Yake hayana makovu. Hayajawahi kuwa nayo. Mimi nilikosea dawa, Prof. Mayai sikukosea."

"Unaelewa unachosema?" Lysak aliuliza.

"Naelewa." Alifuta vidole kwenye suruali. "Kuna donati mbili zimebaki, kama kuna mtu anazitaka."

Lysak alikusanya karatasi zake, akasema tutazungumza, akatoka. Nilitaka kumwambia Tait kitu. Alikuwa tayari anamsaidia mwanafunzi mmoja kutafuta glavu yake chini ya meza.

9 Aprili

Tumekubaliana na Lysak: makala haiendi. Mimi nabaki miaka miwili kumtafuta wa chura na mwenzake wa figo. Mama alilia kwenye simu, halafu akauliza kama nina soksi za kutosha.

15 Aprili

Mgeni kutoka nchi jirani ya kusini alifika. Hakuna aliyempokea mlangoni kwa sababu Tait alikuwa hayupo, na alizunguka ghorofa ya chini nusu saa mpaka Bev akamwokota kwenye chumba cha vyura. Baadaye nilimsikia Lysak akimwambia, mkono begani, "Kumi na Saba ni msindikizaji, si mchukuzi. Nililishuku tangu mwanzo. Siri iko kwenye maji, unaona. Vijana wana haraka ya kuyatoa."

Nilikuwa hatua moja nyuma yake. Hakugeuka.

23 Aprili

Chuo kimemjibu Tait. Wamempa mwingine nafasi. Ameniambia akiwa anafungua kisanduku cha pipeti, kama anaeleza hali ya hewa.

"Utafanya nini?"

"Shule ya sekondari kwetu inatafuta mwalimu wa kemia. Watoto wananipenda, Lise. Ni mikono tu inayonikataa."

Ningeweza kusema asante. Nilisema, "Hukulazimika." Aliniangalia kidogo, si kwa hasira.

"Uliniuliza kama nayaona makovu," alisema. "Niliyaona."

Najua Lysak angeligeuza jambo hili kuwa fumbo la kusimulia wageni: mtu asiyebeba kitu, na wengine hawafiki popote bila yeye. Watu si protini. Sitaki kuliandika hivyo. Ninaandika tu kwamba tangu Januari nimejaza kurasa nyingi kuhusu mtu mmoja, na karibu zote ni za namba niliyokuwa naitoa.

29 Aprili

Mto umefunguka. Tait ameondoka alfajiri na lori lake dogo, siku mbili za njia, au tatu.

Aliniachia trei moja kwenye kabati la baridi, yenye utepe wa buluu, mayai ya maji aliyoyadunga jana jioni kabla ya kukabidhi funguo. Sikumwomba. Bev anasema chura alikuwa mzuri.

Nimeyapima leo yenyewe tu, kabla ya kitu kingine chochote. Niliyatoa moja moja nikayaangalia chini ya darubini kabla ya kuyayeyusha. Hakuna hata moja lililopasuka. Kila moja lilikuwa na kovu.